Sababu Isiyoandikwa

Kwa miaka 38 nililipwa mshahara kwa kusahihisha maandishi ya watu wengine: insha, majaribio, maandalio ya masomo ya wanachuo waliokuwa wanajifunza ualimu. Mtu aliyeishi hivyo haachi tabia hiyo siku anapostaafu. Nikipita sokoni Kasulu nikaona tangazo la mnada limebandikwa ukutani, mkono unaniwasha kutafuta kalamu nyekundu. Kwa hiyo msomaji wangu asishangae nikiichukua sheria ya nchi nikaisoma kama ninavyosoma insha. Wala sifanyi hivyo kwa dharau. Insha mbovu kabisa haimsumbui mwalimu. Huipa alama zake akalala. Ile yenye jambo la maana ndani yake ndiyo humkesha.

Sheria ninayoisema ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, na hasa kifungu chake cha 7, kinachokataza ubaguzi katika kazi. Nakala yake ilinifikia nikiwa bado mkuu wa chuo cha ualimu huku kwetu nyanda za juu za Kigoma. Niliipokea, nikaisaini kwenye daftari la barua, nikaiweka kabatini pamoja na nyaraka nyingine. Ilikuwa humo kabatini, hatua tatu kutoka kwenye kiti changu, siku nilipotenda jambo ambalo kifungu hicho kinalikataza. Jambo lenyewe nitalieleza mahali pake. Nalitaja mapema ili msomaji ajue kwamba anayesahihisha hapa naye ana makosa yake kwenye daftari.

Nianze na sifa, maana hivyo ndivyo tulivyowafundisha wanachuo wetu: tafuta kwanza alichopatia mwanafunzi.

Kifungu cha 7 kinataja sababu ambazo mwajiri haruhusiwi kuzitumia kumbagua mfanyakazi, iwe waziwazi au kwa njia ya kuzunguka. Zimepangwa kwa herufi, na herufi hizo ni 15. Ipo rangi, upo utaifa, lipo kabila au mahali mtu alikotoka, ipo asili yake. Yapo maoni ya kisiasa na dini. Ipo jinsi na jinsia, upo ujauzito, ipo hali ya ndoa na majukumu ya familia. Upo ulemavu, vipo virusi vya UKIMWI, upo umri, na mwisho ipo hali ya mtu ya maisha. Tena kifungu kinasema kwamba kumnyanyasa mfanyakazi kwa mojawapo ya sababu hizo ni ubaguzi pia. Na kinasema jambo ambalo wengi hawalijui: kwamba anayelindwa si yule aliyekwisha kuajiriwa tu, bali hata anayeomba kazi.

Ili kuona uzito wa orodha hiyo, inafaa kukumbuka tulikotoka. Baba yangu, ambaye kwa Kiha tulimwita data, alikuwa manamba. Serikali ya kikoloni iliiacha Buha bila barabara za maana na bila zao la biashara la kutosha, ikawa ghala la vibarua. Mawakala walikuja Kasulu na Kibondo wakaandika majina ya vijana, wakawapeleka Kigoma kupanda treni hadi mashamba ya mkonge. Tangu mwaka 1944 wenye mashamba walikuwa hata na shirika lao la kukusanya vibarua, lililojulikana kwa jina la SILABU. Data alikata mkonge Tanga. Alitueleza kwamba huko neno Muha halikuwa tena jina la kabila. Lilikuwa jina la kazi, na kazi yenyewe ndiyo ile ambayo wengine hawakuitaka. Hakuna aliyemwuliza kama anajua kuhesabu, ingawa alijua. Sheria za kazi za wakati ule zilimtambua mtoro, zilitambua mkataba na kipande, zikaweka adhabu kwa kibarua aliyekimbia. Hazikulitambua neno ubaguzi. Zingelitambuaje, wakati mishahara ya serikali yenyewe ilipangwa kwa rangi ya mtu?

Uhuru ulifuta mishahara ya rangi. Lakini haki za binadamu ziliingizwa katika Katiba yetu mwaka 1984, na raia akaweza kuzidai mahakamani kuanzia mwaka 1988. Mwaka 2002 nchi yetu iliridhia Mkataba Na. 111 wa Shirika la Kazi Duniani, unaohusu ubaguzi katika ajira, mkataba uliopitishwa tangu mwaka 1958. Ndipo ikaja sheria ya 2004. Orodha kama hii haizaliwi kwa siku moja hata kwa mataifa makubwa. Marekani walianza mwaka 1964 na sababu 5 tu: mbari, rangi, dini, jinsi na taifa la asili. Umri ukaongezwa mwaka 1967, ujauzito ukafafanuliwa mwaka 1978, na ulinzi kamili wa watu wenye ulemavu ukaja mwaka 1990. Sisi tuliandika yote hayo kwa mara moja, tukaongeza na virusi vya UKIMWI, wakati ambapo vijana wetu wengi walikuwa wanapimwa damu kwa siri kabla ya kuajiriwa. Baadaye zikafuata Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Aliyeandika orodha hii alikuwa mwanafunzi mwenye bidii, na ninamsifu bila kusita.

Sasa niende kwenye kalamu nyekundu.

Kosa la kwanza ni la lugha. Sheria hii ya kumlinda mnyonge iliandikwa kwa Kiingereza. Nilipostaafu nikaitoa kabatini kwangu na kuisoma kwa mara ya kwanza kwa makini, nilihitaji kamusi, mimi niliyewahi kufundisha kwa lugha hiyo. Sembuse mlinzi wa ghala la mahindi pale Kibondo, au binti anayefua nguo za watu mjini? Mwaka 2021 Bunge lilirekebisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria zetu na ya mahakama zetu. Ni hatua ambayo wazee wa lugha tuliisubiri tukachoka. Lakini kuamua ni jambo moja, na karatasi kumfikia mtu mkononi ni jambo jingine. Mpaka leo nikiwauliza vijana wanaokuja kunisalimia ni wapi wameisoma haki yao ya kutobaguliwa kazini, wengi wananitazama kama nimewauliza habari za mwezini.

Kosa la pili ni neno lililosahauliwa. Katika orodha yetu halimo neno lugha. Wakenya katika Sheria yao ya Ajira ya mwaka 2007 waliliandika. Huenda mwandishi wetu alifikiri kwamba kwa kuwa Watanzania sote tunasema Kiswahili, ubaguzi wa lugha haupo. Anayefikiri hivyo hajawahi kusema Kiswahili kwa lafudhi ya Kiha mbele ya meza ya mwajiri.

Nimweleze msomaji kisa kimoja. Kipo kijiji wilayani Kibondo, karibu na mpaka wa Burundi, ambako nina rafiki niliyesoma naye. Mjukuu wake alimaliza kidato cha nne, akajifunza udereva, akapata leseni. Akaomba kazi ya udereva katika kampuni moja kwenye mji wa mbali. Siku ya usaili hawakumwuliza habari za gari. Alipofungua kinywa, mmoja wa wasaili aliinua uso akamwuliza, “Wewe si Mrundi?” Kijana akasema yeye ni Muha wa Kibondo. Akaambiwa alete cheti cha kuzaliwa. Akakileta. Akaambiwa alete na vyeti vya wazazi. Mama yake alizaliwa nyumbani, katika enzi ambayo kijijini kwao hakuna aliyejua cheti cha kuzaliwa ni kitu gani. Akaleta barua ya mtendaji wa kijiji. Wakamwambia, “Sawa, tutakupigia simu.” Simu haikupigwa.

Watu wa mikoa mingine hawaelewi maumivu ya jambo hili. Kiha na Kirundi ni lugha za karibu mno. Muha na Mrundi husikilizana bila mkalimani. Mpaka uliochorwa na wakoloni ulikuta tunaoana na kuuziana chumvi. Tangu wakimbizi wa mwaka 1972, kisha wa mwaka 1993, kisha wale wa mwaka 2015 walioijaza tena kambi ya Nduta, kila Muha ametakiwa kuthibitisha uraia wake mara mbili pale ambapo mwenzake wa mkoa mwingine anathibitisha mara moja. Sikatai kwamba nchi ina haki ya kumjua raia wake. Ninachosema ni kwamba swali la Uhamiaji likitoka kwenye ofisi ya Uhamiaji likahamia kwenye meza ya mwajiri, linageuka kuwa kitu kingine. Waliomaliza usaili siku ile pamoja na kijana yule hawakuulizwa mama zao walizaliwa wapi.

Mwanasheria mmoja niliyemsimulia alinijibu vizuri. Alisema neno lugha si lazima liwemo, kwa kuwa “mahali mtu alikotoka” limo, na ubaguzi wa kuzunguka umekatazwa. Ni kweli. Nilimpa alama hizo. Lakini nikamwuliza: kijana yule atathibitishaje? Hakuambiwa kwamba anakataliwa. Hakuambiwa kwa nini. Aliambiwa atapigiwa simu. Mwanasheria akanyamaza, na ukimya wake ndio ulionipeleka kwenye kosa la nne, ambalo ni kubwa kuliko yote. Lakini kabla yake lipo la tatu.

Kosa la tatu ni kwamba sheria imeandikwa kwa mwajiri ambaye huku kwetu ni nadra kumwona. Sheria ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe kwamba asilimia 3 wawe watu wenye ulemavu. Msomaji atembee Kibondo mjini kutoka stendi hadi mwisho wa maduka ahesabu. Ukiondoa serikali, mashirika yaliyokuja na wakimbizi, na taasisi za dini, nani ana watu 20? Mwenye mashine ya kukoboa ana watu 3. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi ana 2 na mpwa wake. Pale Kabanga, wilayani Kasulu, walikusanywa watoto wenye ualbino ili kunusuru maisha yao baada ya mauaji ya kutisha ya miaka ya 2008 na 2009. Watoto hao wamekuwa watu wazima. Mtu mwenye ualbino anahitaji kazi ya kivulini, kofia, na maandishi makubwa kidogo. Si mambo ya gharama. Hesabu ya asilimia 3 haimgusi mwenye duka. Katazo la kifungu cha 7, hata hivyo, linamgusa hata mwenye mfanyakazi mmoja. Hilo ndilo lingepaswa kutangazwa sokoni, na ndilo lisilotangazwa.

Aidha, ofisi ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambako mfanyakazi hupeleka malalamiko, iko Kigoma Mjini. Kwa mtu wa Kibondo hiyo ni safari ya zaidi ya kilomita 200. Anayelalamikia kufukuzwa kazi ana siku 30 za kufungua shauri. Kwa malalamiko mengine ana siku 60. Kwa mtu asiye na kazi, nauli ya kwenda na kurudi mara tatu ni hukumu tosha.

Na yupo mwingine ambaye hata nauli haimsaidii. Utaifa umo katika orodha ya sababu zilizokatazwa. Lakini sheria hiyo hiyo inasema si ubaguzi kumtanguliza raia kwa mujibu wa sheria, nami sina ugomvi na hilo. Nina ugomvi na yanayotokea chini yake. Tangu kambi ya Nyarugusu ilipofunguliwa mwaka 1996, mashamba yetu ya Kasulu yamelimwa na mikono ya wakimbizi. Chini ya Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998, anayetoka kambini bila kibali ana kosa. Kwa hiyo alilima kwa ujira pungufu, au kwa debe la mihogo, na asipolipwa hakuwa na pa kwenda, kwani kujitokeza mbele ya ofisa ni kujishitaki mwenyewe. Waliomtumia hivyo si makampuni ya kigeni. Ni sisi, wana wa manamba. Tulifanyiwa Tanga, tukaja kufanya Kasulu.

Sasa nifike kwenye kosa la nne, na ili nilieleze inanibidi nifungue lile kabati.

Mwaka 2008 tulihitaji mkuu wa idara ya Hisabati pale chuoni. Walikuwapo wakufunzi wawili waliofaa. Mmoja alikuwa mwanamke mwenye shahada, amefundisha miaka 6 zaidi ya mwenzake, na wanachuo walimpenda kwa sababu aliweza kumfanya mtu mwoga wa hesabu asimame ubaoni. Alikuwa amerudi kutoka likizo ya uzazi, zile siku 84 ambazo sheria inampa mama. Kila siku alitoka kwenda kumnyonyesha mtoto, kwa muda usiozidi saa mbili, nalo hilo ni la kisheria. Wenzake walinung'unika. Mmoja alinijia ofisini akasema, “Mkuu, idara haiwezi kuongozwa na mtu anayeangalia saa.” Sikumkemea.

Nilimteua yule mwanamume. Kwenye muhtasari wa kikao niliandika maneno haya: “Ameteuliwa kwa kuzingatia uzoefu na mahitaji ya idara.” Uzoefu! Mwenye uzoefu mkubwa alikuwa amekaa mbele yangu akiandika muhtasari ule kwa mkono wake, maana ndiye aliyekuwa katibu wa kikao.

Kesho yake alikuja ofisini. Hakulia wala hakupaza sauti. Alisema, “Mkuu, uteuzi ni wako, siupingi. Naomba unipe sababu kwa maandishi.”

Nikamjibu kwa lile jibu ambalo wakubwa wote wa ofisi wanalijua. “Mama, mambo ya uongozi hayaandikwi yote. Wewe bado una nafasi. Lea mtoto kwanza.”

Akasema, “Ahsante, Mkuu,” akatoka. Baada ya mwaka aliomba uhamisho, nami nikausaini haraka.

Sasa msomaji aone. Katika orodha ile ya herufi 15, nilikanyaga jinsi, na majukumu ya familia. Lakini sikutamka hata neno moja lililomo katika orodha. Nilisema “uzoefu”. Nilisema “mahitaji ya idara”. Nilisema “bado una nafasi”. Kama angenipeleka mbele ya msuluhishi, ningekaa pale na suti yangu na muhtasari wangu, na yeye angekuwa na nini? Angekuwa na maneno yaliyosemwa watu wawili wakiwa chumbani.

Sheria si kipofu kabisa hapo. Ndani ya kifungu cha 7 mna kipengele ambacho nakihesabu kuwa bora kuliko orodha yote. Kinasema kwamba mfanyakazi akishaonyesha dalili za kutosha za ubaguzi, mzigo unahamia kwa mwajiri, naye ndiye athibitishe kwamba hakubagua, au kwamba alichokifanya hakikutokana na mojawapo ya sababu zile. Hiyo ni busara kubwa, kwa kuwa sababu imo moyoni mwa mwajiri, na haifai kumwagiza mnyonge akaichimbe huko. Lakini angalia neno lile: akishaonyesha dalili. Dalili atazipata wapi, kama mlangoni anaambiwa “tutakupigia simu” na ofisini anaambiwa “mambo ya uongozi hayaandikwi yote”?

Sheria hiyo hiyo inajua dawa. Kifungu cha 41 kinamtaka mwajiri anayetoa notisi ya kumwachisha mtu kazi aiandike notisi hiyo, na ndani yake aeleze sababu. Tunaona basi kwamba mtunzi wa sheria alielewa kuwa mtu hawezi kutetea haki yake bila kuijua sababu. Alilielewa kwa anayetoka mlangoni, akalisahau kwa anayekataliwa kuingia, na kwa anayerukwa akiwa ndani. Kifungu cha 7 kinamtaka mwajiri asajili kwa Kamishna wa Kazi mpango wa kuondoa ubaguzi. Ni jambo jema. Lakini mpango ni ahadi ya jumla, na ubaguzi humpata mtu mmoja kwa jina lake, siku ya Jumanne, saa nne asubuhi.

Kwa hiyo, wanaotaka kuipanua sheria hii kwa kuongeza majina katika orodha, siwapingi. Waongeze lugha kama Wakenya. Wakipenda waongeze, kama walivyofanya Afrika Kusini mwaka 2014, maneno ya jumla yanayokataza kila sababu isiyo ya haki, ili orodha isifungwe. Lakini orodha hata ikiwa ndefu kama barabara ya Kigoma kwenda Nyakanazi, haitamsaidia yule ambaye hakuambiwa kitu. Upanuzi ninaoutaka mimi ni wa mistari miwili tu: kwamba aliyeomba kazi akakataliwa, au aliyestahili kupandishwa akarukwa, akiomba sababu apewe kwa maandishi, na kwamba mwajiri aliyekataa kuandika, ukimya wake uhesabiwe kuwa ni ile dalili inayohamisha mzigo.

Najua yatakayosemwa. Litasemwa kwanza kwamba waajiri wataandika uongo. Naam, wataandika. Mimi nilikwisha kuandika. Lakini miaka yote niliyosahihisha imenifundisha kwamba uongo ulioandikwa una tarehe na sahihi, na unaweza kuwekwa kando ya ukweli ukalinganishwa. Neno “uzoefu” niliyeliandika mimi lingewekwa kando ya faili za wakufunzi wawili, hata mtoto wa darasa la tano angetoa ile miaka 6. Mwongo wa mdomo hushinda siku zote; mwongo wa karatasi hukamatwa mara kwa mara, na kwa kuogopa kukamatwa huanza kusema kweli.

Litasemwa pili kwamba ni mzigo kwa mwenye duka dogo. Mwenye duka huyo huandika kila kilo ya sukari aliyokopesha. Akiombwa tu ndipo aandike, na mstari mmoja unatosha.

Lakini lipo jambo la tatu, ambalo hawalisemi kwa sababu halihusu waliokataliwa. Kuandika sababu kunamlinda mwenye kukataa na nafsi yake. Siku ile kama ningelazimika kuketi na kuandika, “Sikukuteua kwa sababu unanyonyesha,” nina hakika kalamu ingesimama. Mimi si mtu katili. Nilimkuta data yangu akihesabu mabua ya mahindi kwa ajili ya kunifundisha kutoa na kujumlisha, mtu ambaye Tanga nzima hakuna aliyemwuliza kama anajua kuhesabu. Sikuwa na nia ya kumfanyia mtu lile alilofanyiwa yeye. Nilifanya kwa kuwa sikuhitaji kuliandika, na jambo lisiloandikwa mtu huweza kujificha nalo hata yeye mwenyewe asilione.

Mwaka 2024 tulikutana kwenye msiba Kasulu, mimi na mwalimu yule. Alikuja akanishika mkono kwa heshima, kwa mikono miwili, kama mtu anavyomsalimu mzee wake. Alikuwa na kijana mrefu wa sekondari. Nilihesabu miaka, nikajua ndiye. Nilipopata nafasi nikamwambia, “Mwalimu, mwaka ule nilikukosea.” Akacheka kidogo, akasema, “Mzee, yamepita. Cheo nilikipata mbele ya safari. Mimi nilitaka ile karatasi tu, niwe najua.”

Niliporudi nyumbani nilikaa siku kadhaa. Kisha nikaiandika. Mistari minne, yenye tarehe ya siku ile ya kuandika na maelezo ya mwaka 2008, bila neno uzoefu na bila mahitaji ya idara. Nikaisaini kwa jina langu na cheo nilichokuwa nacho wakati ule, nikamtumia kwa mkono wa mtu anayeaminika.

Iliniwia vigumu kuliko barua yoyote niliyopata kuandika katika utumishi wangu, nayo haikuchukua hata nusu ukurasa.